Boksi la soketi lililonilia plagi, na kijana aliyeniambia nisimsumbue

Nimengoja siku kadhaa hasira ipoe kabla ya kuandika haya, lakini kila nikipita lile duka la vifaa hapa Malindi nahisi damu ikinipanda upya.

Gari langu ni Hilux ya dizeli ya mwaka 1994, na tangu kusi lianze lilikuwa likikataa kuwaka alfajiri. Wapo wanaodhani kwamba kwa joto letu la pwani plagi za hita, zile zinazopasha injini ya dizeli moto ili iwake, ni pambo. Injini hizi za zamani huchomea mafuta katika chumba kidogo cha pembeni, na kuta zake zikiwa zimepoa hulimeza joto la mgandamizo ambalo ndilo huwasha dizeli, hata huku kwetu. Nilizipima kwa mita, nikakuta mbili zimekufa, nikaamua kubadilisha zote nne mwenyewe.

Nilikijua nilichokitaka: soketi, kile kikombe cha chuma cha kufungulia nati, ndefu, ya milimita 12, yenye pembe sita. Ndefu, kwa sababu plagi ina ncha ya umeme inayotokeza juu, na soketi fupi hugota hapo kabla haijaishika nati barabara. Pembe sita, kwa sababu hiyo hukamata ubavu wa nati, ilhali ya pembe kumi na mbili huegemea kwenye kona tu, na kona zilizokula hewa ya chumvi miaka yote hii hazihimili. Nilimweleza yule kijana wa dukani hayo kwa upole, nikamwita mwanangu. Hakuinua hata macho kwenye simu yake.

"Ami, soketi ni soketi. Ukitaka za kuchagua-chagua, wende Mombasa, usinisumbue."

Wateja wawili waliokuwa nyuma yangu walisikia. Niliona haya, nikalipia boksi zima, ambalo soketi yake ndefu ya 12 ilikuwa ya pembe kumi na mbili.

Nilimimina mafuta ya kulegeza kutu tangu jioni, vijana wa mtaani wakalisukuma gari likawaka, injini ikapata moto ndipo nikaanza, kwa mkono mwepesi, kwa kuwa plagi za uzi huu zikilazimishwa kupita nyutoni-mita 35 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) huweza kukatikia ndani ya silinda hedi, yaani kichwa cha injini. Tatu zilitoka. Ya nne, iliyo nyuma kabisa, ililia "tak" na mkono ukaenda bure. Nilipomulika tochi niliona kona zake zimelika, zinang'aa kama sarafu mpya, na unga wa chuma umeelea juu ya mafuta.

Boksi lile ni hasara tupu. Ingawa, nisidhulumu: racheti yake, ule mpini wa kuzungushia soketi, ina meno madogo, na ilifanya kazi mahali ambapo mpini haukuwa na nafasi ya kugeuka zaidi ya vidole viwili, na soketi ya 8 ilifungua nati za bamba la umeme linalounganisha plagi bila kuikwaruza hata moja. Kwa kazi hizo ningelinunua tena. La, silinunui, wala duka lile sirudi. Angesema tu "ngoja nikutafutie," plagi ile ingetoka nzima.

Fundi mmoja wa Kisumu Ndogo alikuja na soketi yake kuukuu ya pembe sita, akaigongea taratibu juu ya kile kilichobaki cha nati, akailegeza plagi kidogo, akairudisha, akailegeza tena, hadi ikatoka. Nimemwomba aniuzie soketi hiyo. Amekataa.