Wamemkata Koko miguu

Diski hii ya katuni za ngano za miaka ya 1920 na 1930 niliinunua kwa ajili ya katuni moja tu: Snow-White ya studio ya Fleischer, ya mwaka 1933, ile ambayo Snow-White ni Betty Boop, binti wa katuni wa studio hiyo. Ndiyo hiyohiyo waliyoiharibu. Nyota moja.

Katuni za wakati ule zilichorwa kwa umbo la karibu 4:3, yaani upana 4 kwa kimo 3. Hawa wameivuta picha hadi ikajaza upana wa televisheni za siku hizi, 16:9, wakatupa kilichozidi juu na chini. Piga hesabu: karibu robo ya picha imekwenda. Filamu nyingine ingepoteza dari na sakafu. Hapa kinachopotea ni kichekesho chenyewe.

Angalia pale pangoni. Malkia anampitishia Koko, mchekeshaji rafiki wa Betty, kioo cha uchawi, Koko anageuka mzuka mwenye miguu mirefu, anaimba "St. James Infirmary" kwa sauti ya mwimbaji wa jazi Cab Calloway. Ule mwendo haukutoka kichwani mwa mchoraji. Calloway alipigwa picha akicheza, kisha mwili wake ukafuatishwa fremu kwa fremu, yaani picha moja moja, kwa rotoskopu, mashine ambayo Max Fleischer alipata hataza yake mwaka 1917. Ndiyo maana unacheka huku nywele zikikusimama: mwili ni wa mzuka wa katuni, hatua ni za mwanamume aliye hai, anayejua kuteleza. Kwenye diski hii nyayo hazionekani! Kinachoyumba kwenye skrini ni kiwiliwili.

Nikawaandikia wauzaji. Jibu lao: "Katuni za zamani ndivyo zilivyo." Hapana, sivyo zilivyo! Hii iliingizwa mwaka 1994 kwenye orodha ya filamu ambazo Marekani imeamua kuzihifadhi kama urithi wa taifa. Anayeuza kitu cha namna hiyo awe amekitazama japo mara moja.

Sauti nayo imepanda. Filamu ya fremu 24 kwa sekunde imeendeshwa kwa 25, kwa hiyo kila kitu kinakwenda kasi kwa asilimia 4 na Calloway anasikika mwembamba. Hili linatibika. Ukiitazama kwenye kompyuta kwa VLC, programu ya kuchezea video, weka kasi 0.96, kisha nenda kwenye mipangilio ya sauti uzime kile kipengele kinacholinda kimo cha sauti kasi inapobadilika. Usipokizima, picha itapungua mwendo lakini sauti itabaki juu vilevile.

Katuni nyingine zilizomo, za studio ya Laugh-O-Gram, zile alizotengeneza Walt Disney kule Kansas City mwaka 1922, ni bubu na wamezibandikia piano isiyofuata lolote linalotokea. Zitazame bila sauti.

Hata hivyo niwe mkweli: Malkia anapomwona Betty, uso wake unakuwa kikaango chenye mayai mawili, na wala hakuna anayeshangaa. Mwishoni anageuka dudu la kutisha, anawakimbiza, Bimbo, mbwa rafiki wa Betty, anaushika ulimi wake na kuuvuta hadi mnyama mzima anapinduka, ndani nje. Ngano ya watu wazima wenye akili timamu, imevurugwa kwa makusudi ndani ya dakika 7. Vituko hivi vinatokea katikati ya picha, hivyo vimenusurika, na bado vinanivunja mbavu. Nikasema basi, nyota tatu.

Kisha nikarudia ule wimbo polepole. Mzuka anapotaja mnyororo wa saa na sarafu ya dola 20, mwili wake ndio unaogeuka vitu hivyo, na mageuzi yenyewe ni ya kufumba na kufumbua. Picha imesafishwa kwa programu ya kufuta vumbi, ambayo huilinganisha kila fremu na jirani zake. Kilichomo kwenye fremu moja tu huhesabiwa uchafu na kufutwa. Kwa kazi ya Fleischer, hicho cha fremu moja mara nyingi ndicho utani. Mistari ya mageuzi imefutwa vipandevipande, na mifupa iliyochorwa kwenye kuta za pango imekuwa ukungu. Hilo hakuna kitufe cha kulirudisha.

Narudi kwenye nyota moja. Kabla hujalipa, soma nyuma ya kasha: kama pameandikwa 16:9, iache dukani.