Mifuko ya kuondoa hewa: huokoa nafasi, haiokoi kilo

Mifuko ya plastiki ya kuondoa hewa kwenye nguo, ambayo siku hizi inapatikana Kariakoo na katika maduka mengi ya vyombo vya nyumbani, huuzwa kwa picha ile ile: upande mmoja rundo la mablanketi, upande wa pili mfuko mwembamba uliobanwa ukawa mgumu kama ubao. Picha hiyo haidanganyi. Tulinunua seti yenye mifuko ya vipimo mbalimbali, mkubwa ukiwa wa sentimita 80 kwa 100, pamoja na pampu ndogo ya mkono, familia yetu ilipokuwa ikijiandaa kuhamia Ujerumani, na kwa mablanketi ilifanya kazi yake barabara. Tatizo ni kwamba mtu anayehama kutoka Dar es Salaam hana mablanketi mengi ya kubana.

Mashirika mengi ya ndege huliangalia begi kwa mambo mawili: uzito, ambao kwa daraja la kawaida mara nyingi ni kilo 23 kwa begi moja, na jumla ya urefu, upana na kimo, ambayo aghalabu haitakiwi kuzidi sentimita 158. Mfuko huu unasaidia katika jambo la pili tu. Kilo ulizoingiza ndizo zitakazosomeka kwenye mizani, ila sasa zimejikusanya upande mmoja wa begi, na nafasi iliyobaki inakushawishi uongeze nyingine. Doti za kanga, vitenge, mashuka, kanzu na suruali za jinzi ni pamba iliyofumwa ikashikana. Zikikunjwa vizuri hazibaki na hewa ya maana ndani yake, na hata ukipiga pampu mpaka mkono ufe ganzi, rundo litashuka kidogo mno. Kwa nguo za aina hiyo ningemshauri mtu aweke fedha yake kwenye mizani ndogo ya kuning'iniza begi, ambayo itamwondolea aibu ya kufungua mabegi mbele ya foleni uwanja wa ndege.

Penye sweta, taulo nene, nguo za watoto zenye manyoya ndani na makoti ya baridi, mambo ni tofauti kabisa. Hizo ni nguo zilizobeba hewa, na rundo lake linaweza kupungua zaidi ya nusu. Koti lililojazwa manyoya ya bata lisikae humo kwa miezi, kwa sababu uwezo wake wa kutia joto unatokana na hewa ileile inayoondolewa, na manyoya yaliyolala muda mrefu huchelewa kuinuka. Kofia za kiua hazifai kabisa, kwani zikivunjika umbo haziponi kwa pasi. Mabaibui yenye shanga, mikanda na nguo zenye vifungo vya chuma hutoboa plastiki kwa ndani, tena kwa tundu dogo lisiloonekana kwa macho.

Udhaifu mkubwa wa seti tuliyonunua ulikuwa kwenye zipu. Midomo miwili ya plastiki hufungwa kwa kipande cha rangi kinachotelezeshwa juu yake, na uzi mmoja tu wa taulo ukiangukia kwenye mfereji wake, hewa hurudi polepole: mfuko unalala umekakamaa, asubuhi unaukuta umefura. Dawa yake ni kuupangusa mfereji kwa kitambaa kikavu kabla ya kufunga, kisha kupitisha vidole tena pale penye pembe. Jambo jingine ambalo karatasi ya maelekezo haikulisema ni kwamba mfuko uliobanwa sakafuni hupata umbo la gogo lisilolala vizuri popote, ilhali ukiulaza kwanza ndani ya begi ndipo uondoe hewa, hufuata kingo za begi lenyewe.

Kwa mzigo wa meli hesabu hugeuka. Anayechangia kontena na wenzake kwa kawaida hulipishwa kwa mita za ujazo, na hapo kila sentimita iliyobanwa ni fedha. Hata mzigo wa ndege unaotumwa bila abiria hupimwa hivyo: wakala huzidisha vipimo vitatu vya boksi kwa sentimita, hugawanya kwa 6,000, kisha hutoza kwa uzito huo au uzito halisi, kutegemea upi ni mkubwa. Boksi la sentimita 60 kwa 50 kwa 40 litahesabiwa kilo 20 hata kama ndani yake mna mito mitupu. Sharti ni nguo ziwe kavu kwelikweli, jambo ambalo wakati wa masika si jepesi Dar es Salaam, kwa kuwa unyevu uliofungiwa humo hutoka na ukungu na harufu isiyotoka kwa kufuliwa mara moja.

Atakayenunua achague mifuko inayokuja na pampu ya mkono, si ile inayotegemea mashine ya kufyonza vumbi, na pampu hiyo aiweke kwenye begi la mkononi. Mkaguzi wa forodha akiufungua mfuko, nguo hujaa begi zima kwa muda mfupi, na pale mezani hakuna mashine ya kuazima.