Jiko la chakula cha wagonjwa, Langoni, Lamu: baada ya wiki sita na mama

Mama yangu ana miaka 78. Alipotoka hospitalini baada ya kuugua nimonia, bangili yake ya fedha, ambayo zamani haikuvuka kiganja ila kwa sabuni, ilikuwa ikiteremka hadi kiwikoni kila alipoinua mkono. Alilazwa akiwa na kilo 52, akarudi na 46. Wodini sahani iliwekwa kando ya kitanda na kuondolewa ikiwa vilevile, wala hakuna aliyeuliza sababu, ilhali mzee anayekonda kiasi hicho kwa wiki chache hapotezi mafuta peke yake, bali hata misuli ya kupumulia na kukohoa.

Jirani alituelekeza kwenye jiko la akina mama wawili wa Langoni wanaowapikia wagonjwa na wazee na kuwapelekea majumbani. Nilitaraji sahani iliyojaa. Mpishi akaniambia, "Dada, usimshindilie mama," kisha akataka tuzungumze kwanza na daktari, kwa kuwa mtu aliyeshinda siku nyingi bila kula akilishwa kwa wingi ghafla, fosfeti na potasiamu katika damu huweza kushuka na moyo ukaingia hatarini. Tulianza na vijiko vichache.

Chakula chenyewe ni kidogo lakini kizito: uji wa wimbi uliopikwa kwa maziwa, yai na siagi, au changu aliyechemshwa, akachambuliwa miiba kwa vidole na kupondwa pamoja na viazi katika tui la kwanza. Huletwa kikombe kimoja kimoja, mara tano kwa siku. Mzee mgonjwa huhitaji takriban gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na uji mwepesi tuliokuwa tukimpa kwa mapenzi yote usingefika hata nusu ya kiwango hicho. Ni mpishi huyohuyo aliyegundua, siku ya kwanza, kwamba meno ya bandia ya mama yalikuwa yamelegea kwa sababu ya kukonda, na kwamba alikuwa akikataa kula kwa kuona haya kutafuna mbele yetu. Sisi wanawe hatukuwa tumeona.

Kasoro zipo. Mara mbili tui lilifika limechacha, na kwa joto la Lamu hilo ni hatari kwa mgonjwa. Wanunue vyombo vinavyohifadhi joto. Ijumaa jioni hawapiki. Hawana mizani, kwa hiyo nililazimika kumpima mama mwenyewe kila wiki. Shilingi 450 kwa siku pia ni nzito kwa nyumba nyingi za wavuvi.

Hata hivyo, hawadanganyi. Kwa mzee mmoja wa mtaani mwetu mwenye saratani, waliwaambia watoto wazi kwamba ugonjwa wenyewe ndio unaomla, chakula peke yake hakitamrudishia mwili, wampe anachokitamani.

Wiki iliyopita mama alifika kilo 48.5, na sasa naagiza vikombe vya mchana tu, kwa sababu uji wa asubuhi anataka aukoroge mwenyewe.