Uzoefu wangu: leza kwenye kiwiko cha fundi wa nakshi

Mimi ni fundi wa nakshi, Lamu, kazi niliyorithi kwa babangu. Mlango mmoja wa mbambakofi hunichukua wiki kadhaa, patasi mkono wa kushoto, nyundo mkono wa kulia, kutwa nzima. Mwaka jana kiwiko cha kulia kilianza kuuma upande wa nje. Nikawa nakikanda kwa mafuta na kuendelea na kazi, hadi asubuhi moja hata birika la kahawa likanishinda kuinua.

Mahali pa kwanza nilipopigwa leza, yaani kumulikwa kwa mwanga wa tiba, sitapataja. Kijana alikipitisha kile kifaa juu ya mkono wa kanzu yangu dakika ishirini nzima, huku anaongea na simu. Miwani hakunipa, wala hakuniuliza nina maradhi gani. Nilirudi mara tano, maumivu yaleyale. Nikakaa barazani nikiwaambia watu leza ni uongo. Nawataka radhi wote walionisikia.

Dada yangu anayeishi Malindi ndiye aliyenivuta nijaribu tena kwa mtaalamu wa viungo wa huko. Nikavuka kwa mashua hadi Mokowe, nikapanda basi. Yule binti mtaalamu hakuwasha kitu siku ile mpaka alipokwisha kunihoji na kukibonyeza kiwiko kwa ncha ya kidole akitafuta penye maumivu hasa. Akaweka alama ya kalamu pale kano inaposhika mfupa.

Nikamuuliza, "Mwanangu, mwanga huu hata joto sioni. Utaniponyaje?"

"Mzee, hauji kukuchoma. Unakuja kuziamsha seli."

Akanieleza kwa subira. Ndani ya seli mna mitokondria, ndizo zinazotengeneza ATP, nguvu ambayo seli hutumia kwa kila kazi. Mwanga mwekundu, na ule wa infraredi usioonekana kwa macho, hufyonzwa na kimeng'enya kiitwacho saitokromu c oksidesi. Seli iliyoumia huwa na gesi ya oksidi ya nitriki iliyojibana kwenye kimeng'enya hicho na kuzuia oksijeni kufanya kazi yake. Wataalamu wengi wanaona kwamba mwanga huibandua, na nguvu ikaanza kutengenezwa tena. Hapo seli zinazofuma kolajeni, ambayo ndiyo nyuzi za kano, hupata uwezo wa kuzaana na kufuma. Jambo lenyewe lilianza kuonekana Budapest miaka ya 1960, pale daktari Endre Mester alipowanyoa panya, akawamulika kwa leza hafifu, na manyoya yakaota upesi kuliko ya wale wasiomulikwa.

Lililonifungua macho zaidi ni habari ya kipimo. Mwanga ukiwa kidogo mno, seli haijali. Ukifaa, inachangamka. Ukizidi, inazubaa, hata kazi iliyokuwa ikiifanya inapungua. Mashine yake ilikuwa ya nanomita 830, ndio urefu wa wimbi la mwanga wake, na nguvu ya miliwati 100. Kila alama aliishikilia sekunde 40, sawa na jouli 4 za nishati, ncha ikigusa ngozi tupu, sote wawili tumevaa miwani. Akaniambia pia kwamba ngozi nyeusi hufyonza sehemu ya mwanga kabla haujafika ndani, mwekundu zaidi kuliko infraredi, kwa hiyo nikihisi joto niseme mara moja. Basi zile dakika ishirini juu ya nguo, nani ajuaye nilipata kiasi gani?

Nilienda vikao vinane kwa wiki nne, shilingi 1,500 kila kikao. Vitatu vya mwanzo sikuona tofauti. Baada ya cha tano nililala usiku kucha bila kuamshwa na mkono. Sasa nachonga saa tatu mfululizo kabla ya kupumzika, ingawa kukamua nguo bado kunanitonesha. Nisiidhulumu sehemu nyingine ya tiba: alinipa zoezi la kushusha kiganja polepole nikiwa nimeshika chupa ya maji ya nusu lita, asubuhi na jioni, na alisema wazi kwamba bila zoezi hilo mwanga pekee hautoshi. Siwezi kuapa kipi kimefanya nini.

Siku ya mwisho nikamwomba animulikie na kivimbe nilicho nacho begani, maadamu mashine iko wazi. Akakataa katakata. "Mzee, mwanga huu unaamsha seli, na seli za saratani nazo ni seli. Kivimbe hakimulikwi kabla ya daktari kukijua." Akaniandikia barua niende nayo hospitali. Nimekwenda, kimeonekana ni mafuta tu.