Nasoma tetesi za toleo lijalo kwenye simu iliyochoka

Afya ya betri ya simu yangu imefika asilimia 81. Namba hiyo naikagua kama mgonjwa wa presha anavyokagua kipimo chake, na kila baada ya miezi miwili hivi inashuka pointi moja. Simu yenyewe ninayo mwaka wa tatu sasa. Ni ya daraja la juu, kati ya zile zinazobandikwa neno la ziada mwishoni mwa jina ili ile ya kawaida uione haikufai. Kampuni siitaji, maana mashabiki wake ni wakali kuliko wenye kampuni. Toleo jipya liko njiani, tetesi zimepamba moto, nami ni miongoni mwa wanaozisoma zote mpaka usiku wa manane, simu ikiwa kwenye chaji, inachemka mkononi.

Kwanza niipe simu haki yake. Kioo sina neno nacho. Kinacheza kati ya Hz 1 na Hz 120, yaani kinaichora picha upya mara 1 hadi 120 kwa sekunde, kutegemea unachofanya: ukisoma maandishi yaliyotulia kinajishusha kuokoa chaji, ukipitisha kidole kinapanda, na juani nasoma bila kukinga kwa kiganja. Spika ziko sawa. Alama ya kidole inanitambua hata mkono ukiwa na unyevu. Kwa hiyo nikisoma kwamba toleo lijalo litakuwa na kioo chenye mwanga mkali zaidi, napita. Hapo tulishafika zamani.

Kinachoniuma ni betri. Ina 5,000 mAh, kipimo cha chaji inayoweza kubeba, na namba hiyo si ngeni: Galaxy S20 Ultra ya 2020 ilikuwa na 5,000, na Galaxy S25 Ultra ya 2025 nayo ina 5,000. Miaka mitano chipu zimebadilika, kamera zimebadilika, betri imeketi palepale. Nilikuwa nadhani ni uvivu wa wahandisi, mpaka siku nilipopiga hesabu. Betri ya 5,000 mAh yenye volti 3.85 inabeba nishati ya wati-saa (Wh) 19.25. Kanuni za kimataifa za kusafirisha betri za lithiamu zimeweka mpaka wa Wh 20 kwa seli moja. Ukivuka, mzigo wako unahesabiwa kuwa bidhaa hatari kamili, wenye vifungashio vyake, makaratasi yake na gharama zake. Anayesafirisha mamilioni ya simu duniani kote ana sababu ya kutosha ya kukaa chini kidogo ya mstari huo.

Ndiyo maana tetesi za betri nazisoma na kikokotoo pembeni. Wakisema toleo lijalo lina 5,100, naamini, hesabu inakubali. Wakisema 6,000 au 7,000, nauliza: seli moja au mbili, na ni kwa soko lipi? Kugawa betri katika seli mbili kunaukwepa mpaka ule, ila kunakula nafasi, na ndani ya simu nafasi inagombaniwa kama kiti cha dirishani. Njia nyingine ni betri za silikoni na kaboni. Honor waliziingiza kwenye Magic5 Pro ya soko la China mwaka 2023, ikawa na 5,450 mAh. Betri za kawaida upande wa hasi zinatumia grafiti, na gramu moja ya grafiti inabeba takriban mAh 372. Silikoni, kwa nadharia, inabeba karibu mara kumi. Tatizo ni kwamba silikoni ikijaa chaji inavimba hadi zaidi ya mara tatu ya ukubwa wake, ikitoka chaji inanywea, na mwili unaovimba na kunywea kila siku unaishia kupasukapasuka. Kwa hiyo wanaichanganya na kaboni, kidogokidogo, kwa tahadhari.

Mimi ambaye ugonjwa wangu ni betri kuchoka, tahadhari hiyo naiunga mkono. Sitaki mAh 700 za ziada zitakazoyeyuka mwaka wa pili. Tangu 20 Juni 2025, simu mpya zinazoingia sokoni kwenye Umoja wa Ulaya zinatakiwa betri yake ibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo baada ya kuchajiwa mizunguko 800. Yangu imeshaipita mizunguko hiyo na bado iko 81, kwa hiyo kwa karatasi ni mzima wa afya. Kwa mwendo wa siku, sivyo: naichomoa asubuhi ikiwa 100, saa kumi jioni iko 22, nami nimeshaanza kupunguza mwanga wa kioo na kuzima hiki na kile.

Upande wa kuchaji, tetesi zinasema wati zitaongezeka. Sawa, ila yeyote aliyewahi kukaa akiikodolea macho simu inayochaji anajua siri: nusu ya kwanza inajaa upesi, asilimia 20 za mwisho zinajikokota. Betri ikikaribia kujaa volti haiwezi kupandishwa tena, hivyo mkondo unapunguzwa taratibu ili isiumie. Wati kubwa iliyoandikwa kwenye boksi ni ya zile dakika chache za mwanzo. Ninachokitaka mimi ni sumaku za kuishika simu katikati ya chaja isiyo na waya. Wiki chache zilizopita niliiweka simu kwenye sahani ya kuchajia bila waya nikalala. Nilikuwa nimeikosea katikati kwa upana wa kidole kimoja. Nimeamka, asilimia 34, mgongo wa simu umepata joto kama chuma cha pasi iliyosahauliwa, na siku yenyewe ilikuwa ya safari. Apple waliweka sumaku nyuma ya iPhone 12 mwaka 2020, kiwango cha kuchaji bila waya cha Qi2 kikatangazwa mwaka 2023 kwa misingi hiyohiyo, na Google wakaziweka ndani ya Pixel 10 mwaka 2025. Simu yangu inadai unaweza kuzipata, ukinunua kava lenye sumaku. Yaani nguo ndiyo yenye mifupa. Tetesi zinasema safari hii sumaku zitakuwa ndani. Nikiambiwa nichague badiliko moja tu, ningechagua hilo.

Sasa kamera, ambako ndiko kelele zote ziliko. Yangu ina megapikseli 200, yaani nukta milioni 200, na nimezitumia zote labda mara tano. Muda mwingi simu yenyewe inaunganisha nukta 16 kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12.5, kwa sababu kila nukta peke yake ni ndogo mno, mikromita 0.6, na mwanga unaoingia humo ni wa kuombaomba. Juani hutaona tofauti. Ndani ya nyumba jioni ndipo unapoumbuka.

Mtoto wa dada yangu ana mchezo wa kuruka kutoka kwenye kochi huku amekunjua mikono kama ndege. Nimejaribu kumpiga picha akiwa hewani zaidi ya mara ishirini. Albamu yangu ina kochi tupu. Ina kochi na kisigino. Ina kochi na wingu la rangi ya fulana yake. Nabonyeza, simu inakusanya picha kadhaa ili izichanganye kuondoa chenga za giza, na wakati inakusanya mtoto ameshatua na anauliza kama nimempata. Kuongeza megapikseli hakuniponyi hapo. Dawa ni sensa kubwa zaidi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, lenzi inayofunguka zaidi, na sensa iwe na kasi ya kusoma picha nzima kabla kitu hakijasogea.

Sensa kubwa zipo. Xiaomi 12S Ultra ya 2022 ilibeba sensa ya Sony inayoitwa ya inchi moja. (Ukiipima kona hadi kona haifiki inchi, ni kama milimita 16, jina limerithiwa kutoka enzi za mirija ya kamera za video.) Lakini sensa ikikua, lenzi nayo inabidi ikae mbali nayo zaidi, ndipo mgongo wa simu unapoota nundu. Yangu tayari ina nundu ya kutosha. Nikiiweka mezani na kuandika inayumba kama meza yenye mguu mfupi. Kwa hiyo tetesi zinazosema toleo lijalo litakuwa jembamba zaidi na kamera kuu itakuwa na sensa kubwa zaidi nazisoma mara mbili. Moja wapo ni uongo, au nundu itakuwa mlima.

Ninachokiona kinawezekana ni kuiondoa ile lenzi ya kuvuta mara tatu na kuweka nyingine yenye sensa kubwa zaidi. Sensa ya hii ya sasa ni ndogo kiasi kwamba gizani simu inaiacha kimyakimya na kukata picha ya kamera kuu, ukidhani umevuta kumbe picha imekuzwa tu. Ukitaka kuikamata, funika lenzi hiyo kwa kidole: picha ikiendelea kuonekana, umeshajua inayofanya kazi ni nyingine. Nilifanya hivyo siku moja nikacheka peke yangu.

Joto nalo lina kisa chake. Nikiwa garini, simu kwenye kishikio cha dashibodi, ramani imewashwa, hotspoti imewashwa, inachaji, jua linaipiga. Dakika ishirini baadaye kioo kikafifia nisione pa kukunja kona, na nilipotaka kupiga picha ikaniambia flashi haipatikani mpaka simu ipoe. Tetesi za chipu zinapenda kutaja kasi ya kilele. Snapdragon 8 Elite iliyotoka Oktoba 2024 inafika GHz 4.32, na bila shaka inayofuata huzidi. Ila kilele ni cha sekunde. Swali langu ni kasi gani inabaki baada ya dakika ishirini, na hilo linaamuliwa na jinsi joto linavyotolewa: ukubwa wa ile sahani bapa ya chuma ambamo kimiminika kidogo huchemka juu ya chipu, mvuke wake ukaenda kupoa upande mwingine, kisha kikarudi. Fremu nayo inahusika. Titani ilishika chati, iPhone 15 Pro mwaka 2023 na Galaxy S24 Ultra mwanzoni mwa 2024, lakini titani hupitisha joto vibaya kuliko alumini, tena kwa mbali. iPhone 17 Pro ya 2025 ikarudi kwenye alumini, ikiwa na sahani ya mvuke ndani. Nikisoma tetesi kwamba mrithi wa simu yangu naye anaivua titani, wengine wanalia kwamba imeshushwa hadhi. Mimi nakumbuka ile kona niliyoipita.

Ramu, ile memori ya kazi za papo hapo, na hifadhi nitazigusa tu. Tetesi za mwaka jana zilizungumzia GB 16 za ramu kwa kila mtu. Siamini tena. Tangu mwishoni mwa 2025 chipu za memori zimepanda bei kwa sababu vituo vya data vya akili mnemba vinazinyakua kwa wingi, na mtengeneza simu anayetafuta pa kubana ataanzia hapo. GB 12 zitabaki, na sitalaumu. Hifadhi yangu ya GB 256 imejaa video za magrupu. Tundu la kadi ya memori lilishaondolewa na halirudi, anayelisubiri asubiri akiwa amekaa.

Tetesi zenyewe hazilingani uzito. Za umbo naziamini karibu zote, kwa sababu watengeneza makava wanahitaji vipimo kabla simu haijatoka, na kipimo kilichokosewa ni makava ya kutupwa. Wati za chaja naziamini zikitoka kwenye cheti cha usalama cha 3C cha China, maana chaja haiuzwi huko bila kupita pale. Za kamera naziamini nusu. Zile zinazoanza na picha iliyochorwa na shabiki, simu haina hata kingo, nazitazama kama watu wanavyotazama magari wasiyotarajia kuyanunua.

Basi hesabu yangu imekaa hivi: sumaku ndani, fremu ya alumini, sensa ya kuvuta iliyo kubwa zaidi, ninunue. Zikikosekana mbili kati ya hizo, sinunui, hata ingekuwa na megapikseli 400. Na kwa kuwa siku ya kutoka bado na asilimia 81 haisubiri, jana nilimpelekea fundi simu yangu aniwekee betri mpya. Aliigeuza, akagonga kioo cha nyuma kwa ukucha, akaniambia gundi yake ni ya kupashwa moto polepole na kwamba mgongo ukipasuka asilaumiwe. Tumekubaliana niiache Jumamosi asubuhi, niifuate jioni. Tetesi za siku hiyo nitazisoma kwenye kompyuta.