Caterham Seven: iliyogongwa au iliyoachwa nusu?

Kwa mlioko Uingereza mnaowaza kununua Caterham Seven, kigari cha michezo ambacho mtu anaweza kuuziwa vipande akajiundia mwenyewe, na hamjui mchukue iliyogongwa au ambayo mwenyewe aliacha kuiunda nusu, mi naona hivi. Iliyogongwa tayari ina namba ya usajili, na pua yake ni faiba tu, ikipasuka unatafuta nyingine unafunga, ila fungua boneti uangalie mabomba ya fremu pale mikono ya saspensheni inaposhika, ukikuta rangi imepasukapasuka kama ganda la yai au bomba limepinda hata kidogo achana nayo, hasa kama bima wameiandika Category S maana hapo mifupa yenyewe imeumia, Category N, yaani mifupa haikuumia, ina nafuu. Iliyoachwa nusu fremu yake safi, lakini lazima ipite IVA, ukaguzi wa serikali wa gari moja moja, ndo ipewe namba, na boksi la nati halikosi kupungua! Mi ningebeba ya N.