Bweni kuanzia darasa la tano: ada yangu ilinunua nini kwa ajili ya kidato cha kwanza

Msimu wa fomu za kujiunga ukifika, wazazi wenzangu huku Mbagala huniuliza swali lile lile: mtoto akikaa bweni shule ya msingi, akifika sekondari inamsaidia? Binti yangu alikaa bweni darasa la tano, la sita na la saba, kuanzia 2022 hadi 2024, kwenye shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza mkoa wa Pwani. Januari 2025 akaingia kidato cha kwanza sekondari ya wasichana ya serikali, bweni pia. Jina la shule ile ya msingi naliweka kapuni, maana nina ya kusifu na nina ya kulalamika, na sitaki ugomvi na mtu.

Sikumpeleka kwa sababu ya sifa za kitaaluma. Nilimpeleka kwa sababu ya foleni. Alipokuwa kutwa, gari la shule lilimpitia kabla ya adhana ya alfajiri na kumrudisha giza limeingia. Alikuwa anasinzia kwenye sahani, mkono ungali na tonge. Mimi nauza vitenge Kariakoo, narudi usiku, na wadada wa kazi walikuwa hawakai. Mzazi wa Dar ananielewa.

Ada ilikuwa shilingi milioni 2.9 kwa mwaka, kwa awamu nne. Hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye kipeperushi. Haiandikwi trakisuti, tisheti ya Jumamosi, sweta, godoro, tranka, ndoo mbili, chandarua, rimu za karatasi, hela ya mitihani ya majaribio, hela ya mahafali. Orodha ya mwaka wa kwanza ilikuwa ndefu kuliko ya mahari. Ukipigiwa hesabu ya ada, ongeza kama robo yake juu ndiyo uanze kujadiliana na mwenzako.

Sasa faida. Kubwa kuliko zote ni kwamba mtoto alijua kujihudumia, na hili nililiona kwa macho likizo yake ya kwanza ya Juni. Nilimkuta uani na ndoo nusu ya maji. Alianza na shati jeupe, akafuata sketi, soksi akaziacha mwisho, yote kwenye povu lile lile. Nikataka kumwaga yale maji, akanizuia: "Mama, hayo ya kupigia deki." Akadeki choo na korido, kisha akasuuza tambara na kulianika. Huyu ndiye mtoto ambaye miezi sita nyuma nilikuwa namtafutia soksi chini ya kochi.

Alipofika sekondari hilo lilimbeba. Wenzake wengi ndiyo mara yao ya kwanza kulala mbali na nyumbani, wiki ya kwanza bweni zima linalia. Yeye alishajua kwamba kwenye dabo deka unawahi kitanda cha juu, kwa sababu cha chini kila mgeni anakalia na makombo yake. Alishajua kwamba ufunguo wa tranka haukai mfukoni, unafungwa kwa kamba shingoni. Alishajua kupanga foleni ya bomba kabla kengele haijalia, na kwamba sukari ukiionyesha siku ya kwanza, siku ya tatu huna. Mambo madogo, lakini mtoto asiyeyajua yanamla akili muhula mzima, na masomo yanangoja.

Nimsifu na matroni. Binti alivunja ungo akiwa darasa la sita, shuleni. Matroni alimpa pedi, akamfundisha, akampa maji ya moto, jioni akanipigia simu nikaongea naye faragha. Nilisikia uchungu kwamba sikuwepo, sitaficha. Lakini alipoingia sekondari, kwenye vyoo vya kuchangia na maji ya kuchota, hilo halikumpa shida hata kidogo, na amekuwa akiwaelekeza wenzake.

Kiingereza nacho ni faida ya kweli, ila ina mwisho wake. Kwenye shule nyingi za msingi za serikali masomo ni kwa Kiswahili, halafu sekondari karibu yote yanageuka Kiingereza. Ndiyo maana kidato cha kwanza huanza na wiki kadhaa za kozi ya lugha. Kipindi hicho binti yangu alikuwa nyota. Ndiye aliyewatafsiria wenzake tangazo la mwalimu wa zamu, ndiye aliyeinua mkono. Nikajipongeza, nikasema pesa yangu imerudi.

Mtihani wa Juni ukaja. Wasichana waliotoka Kayumba, yaani shule za msingi za serikali, wale wale aliokuwa akiwatafsiria, wakampita Hisabati, na wawili wakampita Baiolojia kwa Kiingereza chao cha miezi mitano.

Hapa ndipo ninapotaka mzazi mwenzangu anisikilize, kwa sababu kipeperushi hakitakuambia. Shule ya sekondari ile inapokea watoto waliofaulu vizuri sana darasa la saba. Mtoto wa Kayumba aliyefika pale hakufikishwa na mtu. Alisoma kwenye darasa lililojaa, kitabu wanashirikiana, nyumbani anasoma baada ya kuosha vyombo. Amezoea kujiamsha mwenyewe. Wangu alikuwa na kengele. Kengele ya kuamka saa kumi na moja, prepo ya alfajiri (muda wa kujisomea), mstarini, vipindi, chakula, prepo ya usiku mpaka saa tatu, na muda wote huo mwalimu amesimama nyuma na fimbo au bila fimbo. Anaambiwa leo Hisabati ukurasa fulani, anafanya. Kwa miaka mitatu hakuwahi kuamua mwenyewe asome nini.

Sekondari prepo inasimamiwa na kiranja ambaye naye ana mtihani wake. Mwalimu wa zamu anapita mara moja, anaondoka. Nilimuuliza anasoma nini usiku, akanionyesha kaunta buku zake. Mwandiko mzuri, vichwa vya habari vimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, notisi zimenakiliwa upya kutoka kwenye notisi. Swali hata moja alilolifanya bila kuambiwa sikuliona.

Tena kuna suala la mtihani wenyewe. Darasa la saba masomo yanayotahiniwa ni sita, kila moja alama 50, jumla 300, na ukifikisha 241 una A. Sehemu kubwa ya maswali ni ya kuchagua jibu na kusiliba, yaani kutia weusi kwa penseli. Shule za bweni zinalijua hilo kuliko mtu yeyote. Darasa la saba kwao ni mashine ya kusiliba: jaribio Jumatatu, jaribio Alhamisi, jaribio Jumamosi, sahihisha, rudia. Binti yangu akapata A, nami nilifurahi kama mzazi yeyote. Lakini kidato cha kwanza hausilibi sana. Unaambiwa eleza, linganisha, chora na uandike majina ya sehemu. Jibu lake la kwanza la Historia lilikuwa maneno matano yaliyofuatana kwa namba. Mwalimu wake wa darasa aliniambia tulipokutana kikao cha wazazi: mtoto anajua jibu, kulieleza ndiko hajui. Sasa anajifunza, na muhula huu amepanda. Ila amejifunzia huko sekondari, si kule nilikolipia ili aandaliwe.

Nasikia kuna shule za bweni ambako darasa la sita na la saba wanaandika insha kila wiki, wanafanya mradi, wana saa ya maktaba ambayo mtoto anachagua kitabu mwenyewe. Kama ipo karibu nawe na bei unaiweza, hiyo ndiyo ya kutafuta. Ukienda kutembelea, usiombe kuonyeshwa matokeo. Yamebandikwa getini, utayaona tu. Omba madaftari ya insha ya darasa la sita, uyafungue mwenyewe. Wakianza kuzungukazunguka, umeshapata jibu.

Malalamiko yangu mengine. Simu: Jumapili, watoto wanapanga foleni mbele ya simu ya matroni, kila mmoja dakika mbili, matroni amekaa pale pale. Mazungumzo yetu yalikuwa hivi: shikamoo mama, sijambo, naomba uje na sabuni na siagi, mdogo wangu hajambo? Basi. Mtoto mwenye shida hawezi kuisema hapo. Binti yangu aliota mapunye kichwani karibu mwezi mzima kwa sababu ya mashine moja ya kunyolea wasichana wote, na niliyaona siku ya wazazi kutembelea, hakuna aliyenijulisha. Nilipouliza nikaambiwa "ni kawaida ya bweni." Si kawaida. Mashine inatakiwa kusafishwa vizuri. Tangu siku hiyo tuliweka neno letu la siri: akisema anataka karanga, ujue kuna jambo, naenda. Alilitumia, na nilikwenda.

Chakula sina neno. Uji asubuhi, makande, ugali maharage, wali nyama Jumapili. Hata mwili uliongezeka.

Lingine ni usalama, na hapa sitanii. Septemba 2020 moto uliteketeza bweni la shule ya msingi huko Kyerwa, Kagera, watoto 10 wakafa. Septemba 2024, kwa jirani zetu Kenya, watoto 21 walikufa kwa moto wa bweni la Hillside Endarasha Academy, Nyeri. Wangu alikuwa darasa la saba wakati huo, siku chache kabla ya mtihani wa taifa, na usingizi uliniruka. Bweni lake lilikuwa na nondo madirishani kuzuia wezi, na mlango mmoja uliofungwa kwa kufuli usiku. Tulikuwa wazazi wachache tukaandika barua. Mlango wa pili ukatobolewa, unafungukia nje, na matroni akaanza kulala ndani badala ya nyumba ya jirani. Kwa hiyo ukienda kuangalia shule, usiridhike na ziara ya mchana. Uliza usiku ufunguo anakaa nao nani, na watu wazima wangapi wanalala humo.

Umri. Machi 2023 serikali ilipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, labda kwa kibali maalumu. Shuleni kwa binti yangu bweni la wadogo lilibaki vitanda vitupu, na wapo wazazi walionuna kwa sababu walishazoea. Mimi niliunga mkono na bado naunga. Nilikuwa nawaona siku za kutembelea, mtoto wa darasa la pili anamkumbatia mama wa mwenzake kwa sababu wake hajafika. Yule haandaliwi kwa sekondari, unamtupa tu. Darasa la tano ndiyo mtoto anaanza kubeba mambo, na hata hapo si kila mtoto. Anayekojoa kitandani bado, anayeumwa pumu au selimundu, asiyejua kusema hapana, mngojeshe.

Kama nikiulizwa alama, bweni hili lina alama nzuri sana kwenye maisha, nzuri kwenye lugha, ya kusukumasukuma kwenye kumfundisha mtoto kusoma mwenyewe. Na kwa mzazi ambaye mtoto wake anasoma karibu na nyumbani, anarudi saa tisa, na kuna mtu mzima wa kumsimamia, sioni sababu ya kutoa karibu milioni tatu kila mwaka. Mfulishe soksi zake hapo hapo nyumbani, mpeleke kwa bibi likizo nzima ajue kulala mbali nawe, mtafutie vitabu vya Kiingereza. Utakuwa umepata theluthi mbili ya nilichonunua mimi. Mwenye foleni kama yangu, mwenye kusafiri kikazi, au ambaye nyumbani hakuna utulivu, bweni litamfaa, bora aichunguze shule kabla ya kulipa awamu ya kwanza.

Sasa hivi mdogo wake yuko darasa la nne, na mjadala umeanza upya. Baba yake anataka Januari aende kule kule, kwa kuwa wanatupunguzia ada ya mtoto wa pili. Mimi nimeomba nipewe kwanza ratiba ya prepo. Nikikuta hata saa moja kwa wiki ambayo mtoto anajichagulia cha kusoma, tutalipa. Nisipoikuta, kuna shule nyingine Kibaha ninayoifuatilia, kutwa, na nimeshaanza kuulizia chumba cha kupanga karibu nayo.